Nelius na Mbuzi Wasiohesabiwa

Ukifika Runyenjes na mbuzi aliyekwama kuzaa, usijisumbue kuulizia mtu mwenye koti jeupe. Utaambiwa umtafute Nelius, mke wa Gichovi wa boda boda, anayekaa huko chini mteremko unapoanza kushuka mtoni. Atakuja na gambuti zake za mpira miguuni, akunje mikono, apake sabuni hadi kwenye kiwiko, na kabla hujamaliza kueleza shida utasikia mtoto wa mbuzi analia. Ng'ombe akivimba tumbo kwa kula majani yenye umande, ni Nelius. Kuku wakianza kusinzia mchana, ni Nelius. Kuna watu ambao wanyama huwasikiliza, na yeye alikuwa mmoja wao tangu akiwa msichana.

Ila kuitwa si kuruhusiwa. Sindano hakuwa na ruhusa ya kuigusa, wala dawa zile kali za kwenye kabati la kufuli. Afisa wa mifugo akija, Nelius kazi yake ilikuwa kushika pembe. Anashika pembe, mwenzake anadunga, anashukuriwa, anaenda nyumbani. Miaka mingapi ya kushika pembe! Kulikuwa na chuo cha mifugo ambacho kingempa cheti, na cheti kile ndicho kitu pekee alichokitaka katika dunia hii baada ya afya ya watoto wake. Na kati yake na chuo kile palikuwa na somo moja tu: hesabu.

Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa na E ya hesabu, E iliyonona, isiyojificha. Chuo, kwa huruma yake, kilikuwa na mtihani mdogo wa hesabu kwa watu wazima walioangushwa na vyeti vyao. Unaufanya, ukipita unaingia. Ukianguka unarudi. Lakini mwisho ni mara tatu, baada ya hapo mlango unafungwa na hakuna wa kubembelezwa. Nelius alikuwa ameanguka mara mbili.

Msifikiri alikuwa mjinga. Kujumlisha alijua, kutoa alijua, kuzidisha alizidisha kichwani akichuma kahawa. Kilichomwua ni yale maswali ya hadithi. Mtu fulani ana kitu fulani, akiongeza hivi, akigawa vile, je, alikuwa na vingapi? Hapo Nelius alikuwa anakunja uso na kuanza kubahatisha. Labda ni tano. Anajaribu tano, haikubali. Labda sita. Anajaribu sita. Akifika kumi na moja msimamizi anakusanya karatasi. Alikuwa mtu wa kutaka kulijua jibu kwanza ndipo aanze kazi, na hivyo sivyo mambo yanavyokwenda.

Basi kila Jumamosi asubuhi alikuwa anapanda hadi ukumbi wa kanisa, ambako mwalimu mmoja wa sekondari aitwaye Nyamu alifundisha watu wazima bila malipo, isipokuwa chai na ndizi wanazoleta wenyewe. Nyamu alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye chaki katika kila mfuko, na alikuwa na wimbo mmoja tu. Usitafute kwanza, andika kwanza. Kile usichokijua kipe jina, kiite eksi, halafu andika hadithi yote kama ilivyo, upande huu na upande huu, kama mizani ile ya zamani ya maharagwe yenye sahani mbili. Ukishaandika, ndipo unapunguza pande zote mbili sawasawa mpaka eksi ibaki peke yake. Huo ndio mlinganyo, mama zangu, alikuwa akisema, hakuna uchawi.

Nelius aliandika maneno hayo yote, na hakuelewa hata moja. Ungeandikaje kitu usichokijua? Ungefanyaje kazi na kitu ambacho hujakiona? Siku moja Nyamu aliandika ubaoni habari za mkulima mwenye mbuzi, akamwomba Nelius aje aendeleze. Nelius akasimama na chaki mkononi. Darasa likangoja. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo kwamba mbuzi wa mtu hawahesabiwi, na darasa zima likaangua kicheko, maana kila mmoja pale alilelewa hivyo hivyo na kila mmoja alikuwa amejifanya amesahau. Nelius alirudi kwenye benchi uso umemwiva kwa aibu. Jumamosi iliyofuata alikaribia kabisa kutoenda.

Hapa lazima niwaambie habari za mama mkwe wake, vinginevyo mtadhani Nelius alikuwa anatafuta kisingizio.

Cucu Kanini, maana huku bibi wa watoto huitwa cucu, ndiye mama yake Gichovi, naye alikuwa mjane mwenye boma lake upande wa pili wa ua wa Nelius. Alikuwa mzee wa kanisa katika upande wa akina mama, na hakuna aliyemshinda kwa kuimba. Pia alikuwa na sheria moja aliyoipokea kwa mama yake, naye mama yake kwa mamake. Kitu chenye pumzi hakihesabiwi. Si mtoto, si ng'ombe, si mbuzi. Ukihesabu, unamwonyesha mwenye jicho baya mahali pa kupiga. Ukimwuliza ana watoto wangapi, atakutajia majina mmoja mmoja na kukuachia shida ya kujumlisha. Ukimwuliza mbuzi, atasema tu, zile za nyumba. Mchungaji mmoja kijana aliwahi kuja kumweleza kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Cucu akammiminia chai, akamsikiliza vizuri sana, kisha akamwuliza yeye nyumbani kwao wako wangapi. Mchungaji akafungua mdomo, akaufunga, akasema Mungu amewabariki. Chai ikanywewa, habari ikaishia hapo.

Nelius hakumlaumu. Nyumbani kwa mama yake kulikuwa vile vile. Tangu alipoolewa alikuwa akiingia katika zizi lile kila siku, akikanda matiti yaliyovimba, akikata kwato, na hakuna siku hata moja alipopitisha jicho na kusema moyoni mmoja, wawili, watatu. Jicho lenyewe lilikuwa limefunzwa kuteleza.

Lakini heshima hiyo ilikuwa na gharama, na Nelius aliibeba kifuani. Mwaka uliopita, mvua ndefu zilipoisha, minyoo iliwaingia mbuzi wa Cucu. Nelius alienda dukani kwa muuza dawa, akaulizwa mbuzi ni wangapi, akajibu kama alivyofunzwa kwamba ni wa nyumba moja. Muuzaji akachukua chupa aliyoona inatosha nyumba moja. Nelius akawanywesha mmoja baada ya mwingine, na chupa ikakauka kabla hajafika mwisho wa zizi. Kufika kesho yake kununua nyingine, duka halikuwa na dawa, na gari la dawa lilikawia. Kairu, yule mbuzi jike mweusi aliyependwa na Cucu kuliko wote, alikuwa miongoni mwa waliobaki. Taya likavimba maji, akakonda, akafa, akaacha mtoto wa kike ambaye bado alikuwa ananyonya. Nelius alimlea yule mtoto kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Cucu hakumlaumu mtu. Alilia jioni moja tu, akamaliza. Lakini kila Nelius alipomwona yule mtoto mweusi akirukaruka, alijisemea kwamba mama yake alikufa kwa sababu yeye hakujua kujibu swali dogo la muuza duka.

Sasa mvua ndefu zikaisha tena, na mbuzi wakaanza kukohoa. Mtihani wa tatu ulikuwa umekaribia. Mambo mawili yakamkuta kwa pamoja, na mimi nasema ni bahati, maana jambo moja ndilo lililofungua lile jingine.

Kila alasiri Nelius alikuwa anamkatia mama mkwe wake majani. Anakata majani ya viazi vitamu na mabua mororo, anayafunga mafungu kwa kamba za migomba, anayabeba kichwani kwa safari kadhaa. Mbuzi hawali kitu cha chini, wana majivuno yao, kwa hiyo mafungu yananing'inizwa juu kwenye boriti, kila mbuzi na yake mawili, moja la jioni na moja la alfajiri. Siku zote Nelius alifunga mafungu thelathini. Hakuna aliyemwambia thelathini. Aliona tu kwa mazoea kwamba yakipungua kuna anayelalamika, na yakizidi yananyauka.

Alasiri ile alitua mzigo wa mwisho, akajinyoosha mgongo. Cucu Kanini alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya maharagwe. Nelius akamwuliza, kwa mazoea tu, kama majani yanatosha.

"Yanatosha, Mama Munyi," akasema Cucu, akimwita kwa jina la mjukuu wake. "Zile za nyumba zikishapata zao mbili mbili, na ng'ombe akipewa zake sita, hakubaki kitu."

Ni sentensi aliyokuwa akiisema pengine kila wiki. Nelius alikuwa ameshaanza kuondoka. Akapiga hatua moja, ya pili akashindwa. Akasimama pale katikati ya uwanja mguu mmoja mbele, kamba ya migomba bado imemning'inia begani, na Cucu akadhani mgongo umemshika.

Zile za nyumba. Mbili mbili. Ng'ombe sita. Hakubaki kitu.

Wee! Mama mkwe wake, ambaye hajawahi kukaa na Nyamu hata dakika moja, alikuwa ametoka kuandika hadithi yote upande huu na upande huu. Alikuwa na kitu asichokitaja. Alikuwa amekipa jina, zile za nyumba, na akafanya nacho kazi maisha yake yote bila kukwama, akigawa majani, akipima chumvi, akijua lini zizi limejaa. Eksi! Kumbe eksi si mtego wa kitabuni. Eksi ni kitu unachokiheshimu kiasi cha kutokitaja mpaka chenyewe kitoke. Nelius alikuwa ameishi na eksi tangu kuzaliwa, amekula nayo, ameiimbia, halafu akaenda kuiogopa ubaoni kana kwamba ni mgeni kutoka Nairobi.

Akachuchumaa, akaokota kijiti, akasafisha mahali penye vumbi laini. Hakubahatisha tano, hakubahatisha sita. Aliandika kwanza, kama alivyoimbiwa.

2x + 6 = 30

Cucu Kanini akaacha maharagwe, akainama kutazama.

"Hiyo iliyopigana msalaba ni nini?"

"Ni zile za nyumba, Mama."

Uso wa mzee ukabadilika. "Umezihesabu?"

"Sijazihesabu. Nimeziita tu, vile wewe huziita."

Cucu akaitazama ile alama kwa muda mrefu, akitafuta kosa. Hakuona mbuzi pale, hakuona idadi, aliona vijiti viwili vimepitana. Akarudi kwa maharagwe yake. Alisema tu kwamba kama ni kuita, kuita hakujawahi kuua mtu.

Nelius akaendelea. Akaondoa mafungu sita ya ng'ombe kutoka sahani hii, akaondoa sita kutoka sahani ile, mizani isilalie upande. Yakabaki mafungu ishirini na manne, yote ya mbuzi, na kila mbuzi ana mawili. Akagawa. Jibu likatoka lenyewe, likakaa pale kwenye vumbi kama kuku anayetaga, bila kelele hadi amalize. Hakulitamka. Alilitazama, akalirudisha kwenye hadithi ili aone kama linakubali, mawili kwa kila mbuzi, ongeza sita ya ng'ombe, ndiyo, thelathini kamili. Kisha akalifuta kwa kiganja kwa sababu ya heshima. Siku ile hakutembea kurudi kwake. Alikimbia, mtu mzima na watoto wake, gambuti zikipiga makofi kwenye miguu.

Asubuhi alikuwa dukani kwa muuza dawa kabla mlango haujafunguliwa. Aliulizwa mbuzi ni wangapi. Hapo akaomba karatasi ya kufungia, akaiandika ile idadi, akamsogezea muuzaji bila neno. Muuzaji naye ni mtu wa huku huku, akaisoma kimya, akapima dawa.

Cucu alikuwepo zizini kazi ilipoanza. Nelius akawashika mbuzi mmoja mmoja, akamwinua kila mmoja kidevu, akamnywesha kipimo chake, akamwachilia upande wa pili. Chupa ikaenda ikipungua. Wote wawili waliitazama ile chupa, na ninajua walikuwa wanamfikiria mbuzi mmoja mweusi. Wa mwisho alikuwa binti ya Kairu, sasa ameshakuwa jike kamili mwenye kiburi cha mama yake. Nelius akavuta dawa iliyobaki. Ilijaza kipimo hadi kwenye mstari, na chupa ikawa tupu. Binti ya Kairu akameza, akapiga chafya, akaenda zake.

Cucu Kanini akaichukua chupa, akaipindua. Halikudondoka tone.

"Mama Munyi," akasema polepole, "ulizihesabu."

"Nilihesabu majani, Mama," Nelius akajibu. "Majani hayana pumzi."

Mzee akairudisha chupa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho hakikuwa kimesikika katika boma lile tangu mzee Munyi, mume wake aliyempa mjukuu jina, alipofariki. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Hakusema amekubali, hakusema amekataa. Lakini hakuna mbuzi aliyekufa msimu ule, na kikohozi kilikwisha.

Jumamosi Nelius aliingia darasani akiwa mtu mwingine. Nyamu aliandika swali la mapipa ya maji na mitungi, Nelius akaomba chaki kabla hajaitwa. Akaandika eksi, akasema hii ni ile ambayo bado hatuitaji. Akaweka upande huu, akaweka upande huu, akaondoa, akagawa, akalirudisha jibu kwenye hadithi kulijaribu. Darasa lililomcheka likaanza kunakili. Nyamu alikaa kwenye ukingo wa meza, akamwomba aeleze tena polepole, kisha akawaambia wengine wafanye vile mama alivyofanya. Baada ya hapo walikuwa wanamzunguka wakati wa chai na ndizi, kila mmoja na swali lake, na yeye alikuwa anawauliza kwanza jambo moja. Katika hadithi yako, kipi ni kile cha nyumba? Ukikijua hicho, umemaliza nusu.

Hata hivyo mtihani ni mtihani. Asubuhi ya siku yenyewe Gichovi alimpeleka kwa boda boda yake aliyoiosha hadi spoku zikang'aa. Gichovi si mtu wa maneno mengi, na kwa mara mbili zilizopita alikuwa amempokea mke wake langoni mwa chuo akiwa anafuta machozi. Safari hii alimwambia kwamba hata akitoka na nini, wataenda kula nyama. Nelius alijua amesema hivyo kwa wema, lakini alijua pia kwamba huu ndio mwisho. Akianguka, atashika pembe mpaka azeeke.

Maswali ya kwanza aliyapita mbio. Kisha likaja lile kubwa, la hadithi. Baba ana umri mara tatu wa mtoto wake. Baada ya miaka kumi, baba atakuwa na umri mara mbili wa mtoto. Mtoto ana miaka mingapi?

Zamani angeanza kubahatisha. Sasa akampa mtoto jina, eksi, na baba akawa eksi tatu. Akamwongezea baba miaka kumi. Upande wa pili akaandika mtoto mara mbili, ongeza kumi. Akaondoa, akapunguza, akafika mwisho. Eksi ni sifuri.

Akalisoma jibu tena. Sifuri? Basi mtoto leo ndiyo anazaliwa, na baba yake, ambaye ni mara tatu ya sifuri, naye anazaliwa leo. Baba na mtoto katika kitanda kimoja, wote wananyonya! Lau si mtihani angecheka kwa sauti. Msimamizi akatangaza kwamba muda unakaribia kuisha. Kalamu zikasikika zikikimbia pande zote, na ile hofu ya zamani ikarudi, ile ya kumwambia aandike chochote, aweke tano, aweke sita.

Akaweka kalamu chini. Akafumba macho, akarudi zizini. Mafungu mawili kwa kila mbuzi. Je, mbuzi akizaa, utampa mama mawili na mtoto utamwacha bila? Si kila mmoja anapata mawili yake? Alipofumbua macho aliona kosa lake limekaa wazi. Alimzidisha mtoto mara mbili akaisahau ile miaka kumi aliyomwongezea. Na ile miaka kumi nayo ni ya mtoto, nayo lazima ipate mara mbili yake. Akaikata ile mistari, akaandika upya.

3x + 10 = 2(x + 10)

3x + 10 = 2x + 20

Akaondoa eksi mbili huku na huku. Akaondoa kumi huku na huku. Eksi ikabaki peke yake, na upande wa pili ikabaki kumi. Mtoto miaka kumi, baba thelathini. Baada ya miaka kumi, mtoto ishirini, baba arobaini. Mara mbili! Hadithi ilikubali pande zote. Kengele ikalia akiwa anapiga mstari chini ya jibu, na alipiga mstari ule mara mbili.

Langoni Gichovi alimwangalia usoni akitafuta machozi. Hakuyaona. Nyama waliila kwa furaha, na Nelius aliimaliza hata ile ya mume wake.

Simu ilikuja kahawa ikiwa inaiva. Nelius alikuwa katikati ya mistari ya mibuni, kikapu kiunoni, mikono imeshika matunda mekundu. Sauti ya mwanamke wa ofisini ikataja jina lake lote, ikamwambia amepita, tena vizuri, na masomo yanaanza Januari, aje na koti jeupe na gambuti. Nelius akajibu kwamba gambuti anazo. Akakata simu, akaketi chini kwenye majani makavu, kikapu kikamwagika, na akalia kilio cha raha ambacho kiliwatoa majirani mashambani mwao wakidhani kuna msiba. Waliposikia ni nini, waliimba. Mmoja akampigia Gichovi. Gichovi, yule asiye na maneno, alizunguka soko lote la Runyenjes akipiga honi, akamweleza kila mwenye mzigo wa ndizi na kila mwenye gunia la viazi kwamba mke wake ameshinda hesabu, mpaka askari wa kanjo, yaani wa baraza la mji, akamsimamisha, akaambiwa sababu, akamwachilia.

Jumapili wakafanya shukrani nyumbani. Mwalimu Nyamu alikuja, mchungaji alikuja, watu walikaa hadi kwenye ua. Mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa ulipikwa kwenye sufuria kubwa za kanisa. Baada ya kula, Cucu Kanini akainuka bila kuitwa, akaingia zizini, akatoka akivuta kamba. Mwisho wa kamba alikuwa binti ya Kairu.

Watu wakageuka kutazama. Mama mkwe kumpa mke wa mwana mbuzi wa zizi lake mwenyewe, hadharani, si jambo la kila siku. Cucu alisimama mbele ya Nelius, akaeleza kwamba mama yake mbuzi huyu walimpoteza wakiwa hawana wa kuwapimia dawa. Sasa yupo. Basi mbuzi huyu aende kwa aliyemlea kwa chupa ya soda, awe wa kwanza wa zizi la daktari.

Neno lile, daktari, halikuwa bado la kweli, lakini hakuna aliyelisahihisha. Nelius alishika kamba kwa mikono miwili. Nyamu, kwa utundu wa walimu, akauliza kutoka kwenye kiti chake kama Cucu anaweza kuwaambia zizini wamebaki wangapi. Wakubwa waliguna. Mchungaji aliangalia kikombe chake. Cucu Kanini akamgeukia mwalimu, akanyoosha kidole kimoja juu ya kingine, vikapitana kama vijiti viwili.

"Andika, mwalimu," akasema. "Eksi, toa moja."

Vicheko na vigelegele vilisikika mpaka kanisani. Nyamu alisimama akavua kofia. Nelius alimkumbatia mama mkwe wake shingoni, mbele ya watu wote, na wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja.

Wageni walipoondoka, bado kulikuwa na jua. Nelius akavaa gambuti, akakata majani, akafunga mafungu thelathini kama siku zote. Mawili akayatundika kwake, juu ya kichwa cha binti ya Kairu. Yaliyobaki akampelekea mama mkwe wake ng'ambo ya ua, yakagawanywa, na halikubaki hata moja.